Mshahara mmoja, wahitaji wengi: kaka yangu, mwanafunzi wangu, au watoto nisiowajua?

SWALI

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Tanga. Nina miaka 34, nimeolewa, na tuna mtoto mmoja wa darasa la kwanza. Mume wangu ni fundi umeme. Akipata kazi analipwa vizuri, asipopata tunaweza kukaa wiki tatu tukitegemea mshahara wangu tu. Baada ya makato yote, likiwamo la Bodi ya Mikopo, napokea mkononi 840,000. Naandika hesabu yangu ili unielewe: kodi ya nyumba 120,000, chakula, gesi na umeme 290,000, nauli na mahitaji ya mtoto 90,000, mama yangu yuko Lushoto, namtumia 60,000, hisa za kikoba 100,000, ada ya chuo, maana nasoma shahada ya uzamili, natenga 80,000. Inabaki 100,000, na humo ndimo mna vocha, michango ya harusi na misiba, na homa za ghafla.

Kwenye kikoba nina 1,400,000. Tunavunja Desemba. Mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba hiyo ni pesa ya bati, kwa sababu nyumba yetu imeishia kwenye lenta tangu mwaka juzi.

Sasa kuna mambo matatu yananigawa.

La kwanza ni kaka yangu. Baba alipofariki, yeye alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akauza mboga ili mimi nisome. Leo ana bodaboda ya mkataba: hesabu 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 15, ndipo pikipiki iwe yake. Amebakiza miezi minne, lakini yuko nyuma siku 62 na bosi ameshamwambia ataichukua. Anaomba nimpe 1,000,000. Nilishampa 400,000 mara mbili kwa maneno ya kukopeshana, hakurudisha, na mimi sikumdai.

La pili ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Ana selimundu (sikoseli), analelewa na bibi yake. Kliniki walimwandikia haidroksiurea ya kumeza kila siku. Dawa, vipimo na nauli vinafika kama 40,000 kwa mwezi, na bibi hana. Mtoto anakosa shule, akija anakaa ameshika goti. Mimi ndiye mwalimu wake wa darasa.

La tatu ni mimi mwenyewe. Kwenye kozi ya maadili tulisoma hoja ya mwanafalsafa Peter Singer: ukipita kando ya bwawa ukaona mtoto anazama utaingia tu, hata nguo zikichafuka; na mtoto anayekufa mbali kwa jambo linalozuilika hana tofauti na huyo wa bwawani. Tangu siku ile nikinunua kitenge nahesabu ni vyandarua vingapi. Nimejiwekea nia ya kutoa sehemu ya kumi, yaani 84,000 kila mwezi, kwa ajili ya vyandarua vya watoto. Mume wangu alipojua alisema, “Unataka kuokoa dunia, na mwanao analala chumba kimoja na wazazi wake.”

Mshauri, nikikataa mmoja wao, je, nimemwacha azame? Nianze na nani, na nikomee wapi?

Mwalimu aliyebanwa, Tanga

JIBU

Wa aleikum salaam, Mwalimu.

Ahsante kwa kuweka hesabu yako wazi. Watu wengi wanaouliza swali hili huficha namba, na bila namba mazungumzo ya wajibu huwa ya hewani. Nikikuelewa vizuri, una masalio ya 100,000 kwa mwezi na akiba moja yenye kazi maalumu. Ukijumlisha 84,000 za vyandarua na 40,000 za mwanafunzi unapata 124,000. Kabla hata ya kumfikia kaka, mwezi umeshapasuka. Kwa hiyo ulichonacho ni swali la mpangilio na la mipaka. Moyo wako hauna upungufu hapo, na ningependa tukubaliane hilo mwanzoni, kwa sababu barua yako inasomeka kama ya mtu anayejishitaki.

Tuanze na Singer, maana ndiye anayekunyima usingizi. Makala yake ilichapishwa mwaka 1972. Aliiandika wakati wakimbizi wapatao milioni 9 wa Bengal ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, walikuwa makambini nchini India huku nchi tajiri zikitoa kidogo kuliko zilivyoweza. Aliowalenga ni watu wenye ziada, ambao wahitaji wao walikuwa mbali na hawaonekani, na ambao umbali huo ulikuwa ndio kisingizio chao. Wewe huna kisingizio hicho, wala hukihitaji. Wahitaji wako wana namba yako ya simu. Mfano wa bwawa una mtoto mmoja, siku moja, na hasara ya nguo. Ukishamtoa unakwenda zako. Wewe unaishi ukingoni, na kila siku kuna anayeteleza. Hoja haibatiliki kwa sababu hiyo, lakini inakudai hesabu nyingine.

Tena isome upya, kwa sababu naona umeibeba nzito kuliko alivyoiandika. Kanuni yake kali inasema tuzuie jambo baya pale tunapoweza bila kupoteza kitu chenye uzito unaolingana nalo. Kiwango cha mwisho anachokitaja ni pale ambapo ukitoa zaidi utajiletea wewe, au wanaokutegemea, mateso sawa na yale unayoyaondoa. Wanaokutegemea wamo ndani ya kanuni yenyewe. Mama wa Lushoto yumo, na mtoto wa darasa la kwanza yumo. Singer alitoa pia kanuni nyepesi: toa mpaka pale ambapo unakaribia kupoteza chochote chenye maana kimaadili. Bati si kitenge. Familia inayolipa kodi 120,000 kila mwezi inatoa 1,440,000 kwa mwaka, zaidi kidogo ya akiba yako yote ya kikoba, na siku mtakayohamia kwenu pesa hiyo inaachiliwa. Mtu anayepima wema wa tendo kwa matokeo yake, kama Singer anavyopima, analazimika kuuliza pia uwezo wako wa kutoa miaka kumi ijayo. Hata hivyo nakiri kwamba hoja ya “nijijenge kwanza” ni rahisi kuitumia vibaya, kwa sababu kujijenga hakuna mwisho: baada ya bati ni dari, baada ya dari ni uzio. Mkiamua kuifuata, wekeni tarehe ambayo kutoa kutaanza.

Upande wa pili wa darasa lako yuko Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani. Kwake kusaidia ni wajibu kweli, si hiari, ila ni wajibu wenye nafasi: sheria inakutaka uwe na lengo la kuwasaidia wengine, haikutajii nani, lini, wala kiasi gani. Katika maandiko yake ya 1797 anaongeza jambo linalokuhusu moja kwa moja, kwamba kutoa hadi kuharibu mahitaji yako ya kweli hakuwezi kuwa kanuni ya watu wote, maana mtoaji naye angegeuka mhitaji. Hatari ya Kant ni kwamba ile nafasi inaweza kupanuliwa mpaka ikawa mlango wa kutokea. Mtu akasema “nitasaidia siku nyingine” maisha yake yote. Hatari ya Singer ni kuchoka. Walimu na wauguzi wanaojaribu kutoa bila mpaka huacha ghafla, na anayeumia zaidi ni yule aliyeshazoea msaada.

Lakini anayekufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanafalsafa Mskochi W. D. Ross, aliyeandika mwaka 1930. Yeye alikataa kuweka wajibu wote kwenye mizani moja. Alitaja wajibu wa kutimiza ahadi, wa kufidia kosa, wa shukrani, wa haki, wa kutenda mema, wa kujiendeleza, na wa kutodhuru. Hakuna kanuni ya kiufundi inayopanga upi ushinde. Inabidi uitazame hali yenyewe kwa makini. Umeniletea mambo matatu kana kwamba ni ya aina moja yanayotofautiana ukubwa tu. Nadhani hapo ndipo panapokuchanganya. Kwa kaka yako una wajibu wa shukrani. Kwa mwanafunzi una wajibu wa kutenda mema ulioongezwa uzito na nafasi yako ya mwalimu wa darasa. Kwa watoto wa mbali ni wajibu wa kutenda mema wa jumla, unaokupata wewe na mamilioni ya wengine. Na kwa mume wako kuna ahadi: mlikubaliana juu ya bati. Ninapoisoma kauli yake kuhusu mtoto na chumba, sisikii uchoyo. Nasikia mtu aliyegundua kwamba makubaliano yao yanabadilishwa bila yeye kuulizwa.

Tuje kwa kaka. Unaandika kana kwamba umebeba deni ambalo litafungwa siku utakapotoa kiasi fulani. Sina hakika shukrani inafanya kazi hivyo. Aliyekupa shule yake alikupa kitu kisicho na bei, na ukijaribu kukilipa kwa pesa utalipa bila kufika, huku yeye akijifunza kwamba njia ya kukufikia ni dharura. Shukrani inakutaka mambo yake yawe mambo yako. Basi ingia ndani ya mambo yake.

Chukua karatasi. Siku 62 kwa 10,000 ni 620,000. Yeye anaomba 1,000,000. Zile 380,000 ni za nini? Huenda ni matengenezo, au faini, au deni la kijiwe, au jambo analoona aibu kulisema. Muulize kwa upole, lakini muulize. Kisha hesabu alichoshalipa: miezi 11 ina siku za kazi kama 286, ukitoa 62 zinabaki 224, yaani 2,240,000. Kama mkataba wake unasema pikipiki ikichukuliwa harudishiwi kitu, na mingi ndivyo inavyosema, basi pesa hiyo yote inapotea. Hiyo ni sababu nzito ya kuchukua hatua. Ila tazama na mbele: miezi minne iliyobaki ni siku kama 104, sawa na 1,040,000. Ukifuta malimbikizo leo bila kujua kwa nini siku 62 zilirundikana, baada ya miezi miwili mtakuwa palepale, na bati zimekwenda. Kosa la kawaida katika misaada ya ndugu ni kulipa deni na kuiacha sababu ya deni.

Kabla ya pesa, omba kuuona mkataba na daftari la malipo. Nendeni kwa bosi wawili, wewe na kaka. Bosi naye ana hesabu zake: kuichukua pikipiki iliyotumika na kutafuta dereva mpya kunamgharimu. Wapo wanaokubali kupunguza hesabu ya siku na kuongeza miezi, wakipewa sehemu ya malimbikizo mkononi. Mkifikia hapo, pesa iende kwa bosi moja kwa moja na iandikwe kwenye daftari mbele yenu wote. Hilo si la kumdhalilisha kaka ikiwa yeye ndiye anayeongoza mazungumzo na wewe umekaa pembeni yake.

Pesa itoke wapi? Kuvunja hisa kabla ya Desemba ni jambo ambalo katiba za vikoba vingi ama hukataza au hutoza. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, lakini mkopo huo una riba na unakufunga wewe. Kaka asiporudisha, makato yatakula zile 100,000 zako. Kuna pia ndugu wengine ambao hukuwataja. Mwanafalsafa Liam Murphy, katika kazi yake ya mwaka 2000, anasema kila mtu anawajibika kwa fungu ambalo lingemwangukia kama wote wangetimiza lao. Ni hoja inayofariji, ingawa ina shimo: wenzako wasipotoa, bosi ataichukua pikipiki vilevile. Hata hivyo kuwauliza hakukugharimu kitu, na mara nyingi anayetoa kila mara ndiye anayewafanya wengine waamini kwamba hawahitajiki.

Kuhusu mwanafunzi, naomba twende polepole, kwa sababu hapa nia njema inaweza kuumiza. Haidroksiurea hupunguza vipindi vya maumivu ikimezwa mfululizo. Faida yake huonekana baada ya miezi ya kuitumia bila kukatiza, na ikiachwa faida hupotea. Tena inahitaji kipimo cha picha kamili ya damu mara kwa mara, hasa mwanzoni, kwa sababu inaweza kushusha chembe za damu. Maana yake ni kwamba 40,000 ya mwezi mmoja inasaidia kidogo sana. Ukianza umejifunga kwa miaka, na kuanza kwenyewe kunazaa wajibu ambao jana haukuwapo. Jiulize kama unaweza 40,000 mwezi ambao mume wako hana kazi. Ukiona hapana, hiyo haina maana ya kumwacha mtoto. Ina maana kwamba pesa yako ya mfukoni si chombo sahihi, au si chombo pekee.

Una kitu ambacho bibi hana: unajua kusoma fomu, kuandika barua, na kuingia ofisi ya mtu bila kuogopa. Katika hospitali za serikali kuna utaratibu wa misamaha ya matibabu, na anayeushughulikia ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Bibi atahitaji barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali ya kaya, na kadi ya kliniki ya mtoto. Wengi hukosa msamaha kwa sababu hufika dirisha la malipo kwanza, wakaambiwa bei, wakarudi nyumbani. Ofisi ya ustawi hawakuiona. Uliza vilevile kwa mtendaji kama kaya hiyo imo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Asubuhi mbili za kuzunguka zinaweza kumfaa mtoto kuliko 40,000 yako ya kila mwezi. Zikibaki nauli na vipimo, walimu watano kwa 8,000 kila mmoja wanatosha, na mmoja akihamishwa mzigo haukuangukii wote.

Usifanye peke yako kimyakimya. Mkuu wa shule na mwalimu wa unasihi wajue, na pesa ipite kwa bibi, si kwa mtoto. Mwalimu anayempa mwanafunzi mmoja pesa kwa siri anafungua mlango wa maneno yatakayomuumiza mtoto kabla ya kukuumiza wewe. Na jina lake lisitajwe mstarini wala picha yake isiingie kwenye kundi la simu la wazazi. Kant aliandika kwamba mtoaji anapaswa kumwepushia anayepokea fedheha ya kupokea, hata ajifanye kana kwamba yeye ndiye aliyepewa heshima. Kwa kijana wa kidato cha pili, hilo lina uzito sawa na dawa.

Vyandarua sasa. Nakusihi usilifute wazo hili kwa sababu tu mume wako alikasirika, wala usilishike kwa sababu tu Singer alikushinda kwa hoja. Malaria inaua watoto wadogo, na chandarua chenye dawa ni miongoni mwa kinga za bei nafuu zinazojulikana kufanya kazi. Swali ni kiwango. Sehemu ya kumi ya mshahara wa mtu anayebakiwa na ziada kubwa, na sehemu ya kumi ya 840,000 zenye mama, mtoto, kodi na ndugu ndani yake, hazilingani kwa maumivu. Na tayari 60,000 za mama ni zaidi ya asilimia 7 ya unachopokea, ingawa hukuihesabu kama kutoa. Kwa nini hukuihesabu? Ningependa ulifikirie hilo.

Umenisalimu kwa salamu ya dini, kwa hiyo niseme na hili. Zaka ina kiwango: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kukamilisha mwaka. Kwa nisabu ya gramu 85 za dhahabu, akiba yako iko mbali chini. Kwa ile ya gramu 595 za fedha, mpelekee shekhe wako hesabu pamoja na bei ya siku. Sadaka haina kiwango, na mafunzo ya Mtume yanataka kuanza na walio chini ya malezi yako, huku kumpa ndugu kukihesabiwa kuwa ni sadaka na ni kuunga undugu. Sura ya 17, aya ya 29, inakataza mkono uliofungwa shingoni na inakataza pia mkono uliokunjuliwa wote. Usichokipata humo ni ruhusa ya kumsahau jirani, wala amri ya kumnyima mwanao chumba.

Yapo mapito kadhaa, na kila moja lina gharama yake. Mnaweza kuokoa pikipiki kwa sehemu na kuahirisha bati kwa mwaka. Mtaendelea kulipa kodi, na mume wako atahitaji kuwa ameridhia kweli, si kunyamaza. Mnaweza kushika bati na kumsaidia kaka kwa kumsimamia mbele ya bosi. Huenda pikipiki ikaondoka, na utaishi na hilo. Unaweza kutenga kiasi kimoja tu cha kutoa kila mwezi, tuseme 30,000, kwenye laini tofauti, kikiisha umeisha mwezi huo; kitakulinda na kuchoka, lakini siku moja dharura ya kweli itagonga siku kiasi kimekwisha. Hilo la tatu si baya kwa vyandarua na michango. Kwa kaka halitoshi, na unajua hivyo.

Anza na mume wako kabla hujampigia kaka. Mwonyeshe hesabu hiihii uliyoniandikia, pamoja na ile ya siku 224, maana inawezekana hajui kaka yako ameshaweka 2,240,000 kwenye pikipiki ile. Mwulize yeye angefanya nini kama kaka angekuwa wake. Kisha mkikubaliana kutoa chochote, amueni hapohapo kama ni mkopo au ni zawadi, na kaka aambiwe hivyo kwa maneno ya wazi. Zile 400,000 mbili hazikuharibu undugu wenu, lakini zimewaacha ninyi wawili mkiwa na neno ambalo hakuna aliyelisema. Kama unaweza kumsamehe, mwambie umemsamehe, ili safari hii asije kuomba akiwa ameinamisha kichwa.